Afisa Aliyekataa Kutoa Ndege

Kijiwe cha kahawa anakokaa mjomba wangu pale Gongo la Mboto kiko chini ya njia ya ndege. Ikipita inayokwenda kutua uwanja wa Nyerere, mazungumzo yanasimama yenyewe na vikombe vinabaki mkononi mpaka mngurumo upotee. Jumapili moja ilipita moja kubwa, chini kweli kweli, na kijana mmoja wa bodaboda akamgeukia mjomba.

"Shikamoo Afande. Hivi katika marubani wote uliofanya nao kazi, shujaa alikuwa nani?"

Mjomba alikuwa anacheza drafti. Alitumikia Jeshi la Anga miaka mingi, upande wa mawasiliano, na hakuwahi kurusha ndege. Akasogeza kete na kujibu bila kuinua kichwa.

"Marahaba mwanangu. Rubani kila mtu anamwona. Aliyemwambia rubani leo huruki, huyo nani anamjua?"

Akala kete mbili, mchezo ukaisha, watu wakahamia kwenye mechi ya Simba.

Mimi sikuhama nao. Maneno yale yalinikaa kichwani wiki kadhaa, kwenye foleni ya Tazara, jikoni, usiku nikisubiri umeme urudi. Sisi tuliokulia Dar tunalijua jeshi la anga kwa kelele zake, zile ndege zinazokata anga siku ya sherehe na watoto wanakimbia nje kuzipungia mikono. Aliyekaa chini na kuamua ni ngapi ziruke, lini, na ngapi zibaki ardhini, hatujawahi kumpungia mkono.

Nikaanza kumtafuta mtu wa namna hiyo. Maafisa wetu wenyewe wameandikwa kidogo mno, na hilo linaniuma. Niliyempata alikuwa Mwingereza, Hugh Dowding. Mwaka 1940 alikuwa na cheo cha Air Chief Marshal, sawa na Jenerali kamili kwa jeshi letu, na chini yake zilikuwa ndege zote zilizolinda anga la nchi yake.

## Musoma, na karibu na mto Thames

Wasomaji wangu wengi wana mzee nyumbani aliyepigana Kagera, kwa hiyo vita vyenyewe sivielezi. Nataka kutaja jambo moja ambalo wazee hao hulitaja kwa sauti ya chini. Mwaka 1978, vita vikiwa ndiyo vinaanza, ndege zetu zilidunguliwa na silaha zetu wenyewe kule Musoma. Waliokuwa chini waliona ndege wakaamini ni za Amin, kumbe waliokuwa ndani ni Watanzania.

Nilimuuliza mjomba kuhusu siku ile. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema hakuna aliyekosa ushujaa, si wa juu wala wa chini. Kilichokosekana ni taarifa.

Sasa tazama hii. Tarehe 6 Septemba 1939, siku ya 3 tangu Uingereza iingie vitani na Ujerumani, Vita vya Pili vya Dunia, ilifika habari ya uongo kwamba adui anakuja upande wa Essex, karibu na mto Thames. Ndege aina ya Hurricane zikarushwa kwenda kumpokea. Rada, ambayo ilikuwa changa bado, ikaziona hizohizo Hurricane na kuzihesabu kuwa adui. Zikarushwa nyingine kuzifuata. Spitfire za kikosi cha 74 zikazikuta Hurricane za kikosi cha 56 na kudungua mbili. Rubani mmoja, Montague Hulton-Harrop, akafa. Ndiye rubani wa kwanza wa ndege za kivita za Uingereza kufa katika vita vile, na aliuawa na wenzake.

Waliopiga na waliopigwa, wote walikuwa chini ya Dowding.

Niliposoma hilo ndipo nilipoelewa kwa nini mtu yule alihangaika vile na jambo ambalo halina sifa wala picha ya gazetini: kujua nani yuko angani.

## Baba hataki

Alizaliwa tarehe 24 Aprili 1882 huko Moffat, mji mdogo wa Scotland. Alianzia kwenye mizinga, akatumikia Gibraltar, Ceylon, Hong Kong na India, njia ya kawaida kabisa kwa afisa wa dola ile. Alipata cheti cha urubani Desemba 1913, akiwa na miaka 31. Baba yake akamkatazia kuendelea kwa kuona ni kazi ya kufa mapema, na yeye, mtu mzima mwenye cheo, akatii. Vita vya 1914 ndivyo vilivyomrudisha angani.

Mwaka 1916, kwenye mapigano ya Somme huko Ufaransa, alikuwa akiongoza vikosi kadhaa vya ndege. Kimoja kilikuwa kimepoteza marubani wengi mno, akaenda kwa mkubwa wake, Hugh Trenchard, kuomba kipumzishwe. Trenchard alikuwa muumini wa kushambulia bila kukoma. Kikosi kilipumzishwa, lakini Dowding akaandikwa moyoni kama mtu wa kukata tamaa, akarudishwa nyumbani, na hakupewa tena kikosi cha vitani Ufaransa mpaka vita vikaisha.

Hapo nilisimama kidogo. Kijana wa miaka 34 anaombea wenzake mapumziko, na analipa kwa kazi yake. Miaka 24 baadaye mtu huyohuyo atakuwa na ndege zote mkononi, na ataombwa tena azitoe.

Mwaka 1918 alioa mjane aliyeitwa Clarice. Wakapata mtoto wa kiume, Derek. Mwaka 1920 Clarice akafariki ghafla. Dowding akabaki na mtoto mchanga, na dada yake Hilda akaja kumshikia nyumba. Wenzake kazini walimpa jina la utani, Stuffy, kwa ukavu wake. Sijui wangapi kati yao walikumbuka kwamba yule mtu mkavu alikuwa anarudi kwenye nyumba isiyo na mke.

## Meli ya anga ya mwaka 1930

Waandishi wengi huruka haraka sehemu hii. Mimi naona ndiyo kiini.

Septemba 1930 alikabidhiwa idara ya ugavi na utafiti wa anga. Alikuta meli kubwa ya anga, yaani puto refu la gesi lenye injini na abiria, jina lake R101, ikiwa karibu kuanza safari ya kwenda India. Waziri wa Anga, Lord Thomson, alikuwa na haraka ya kusafiri nayo. Majaribio yalikuwa hayatoshi. Dowding alikuwa mgeni ofisini, na wataalamu waliomzunguka walisema iko tayari. Hakuzuia.

Alfajiri ya tarehe 5 Oktoba ilianguka Ufaransa, karibu na Beauvais, ikawaka. Walikufa watu 48, waziri mwenyewe akiwamo. Baadaye sana Dowding alikiri kwamba alikosea kutong'ang'ania majaribio zaidi.

Siwezi kuthibitisha kilichotokea ndani ya moyo wa mtu. Lakini ukiweka matendo yake ya kabla na ya baada ya siku ile sambamba, unaona mtu mwingine. Tangu hapo kila aliyemletea jambo alidaiwa ushahidi, na kila aliyetaka haraka alikutana na ukuta.

Mwaka 1935 wanasayansi walimletea hoja kwamba mawimbi ya redio yanaweza kugundua ndege iliyo mbali. Hesabu zilikuwa nzuri karatasini. Dowding akasema karatasi haitoshi, nionyesheni kwanza. Tarehe 26 Februari 1935, shambani karibu na Daventry, Robert Watson-Watt na msaidizi wake wakaweka vifaa ndani ya gari, na ndege aina ya Heyford ikapitishwa kwenye mawimbi ya kituo cha redio cha BBC. Kidoa cha mwanga kikacheza kwenye kioo. Pauni 10,000 za kuanzia zikapatikana. Vita vilipoanza, minara mirefu ya rada ilikuwa imesimama kando ya pwani ya mashariki na kusini, takriban vituo 20.

## Chumba cha chini

Julai 1936 alipewa kamandi mpya ya ndege za kivita, makao yake jumba la zamani liitwalo Bentley Priory, kaskazini-magharibi ya London. Na hapa ndipo mjomba angenyoosha miguu asikilize vizuri, maana ni fani yake.

Rada peke yake ni mashine inayoona vitu. Dowding alijenga njia ya kile kilichoonekana kumfikia mtu anayeweza kukifanyia kazi. Rada ilitazama baharini tu. Ndege ikishavuka pwani, ilifuatwa kwa macho na wazee na vijana wa kujitolea wenye darubini na simu. Taarifa za rada zilikwenda kwanza kwenye chumba kimoja Bentley Priory, zikachujwa humo: hii ni ileile iliyoripotiwa na kituo cha jirani, hii ni ya kwetu, hii ni ya kweli. Zikishachujwa ndipo zilipopelekwa kwa simu kwenye kanda 4 za ulinzi na viwanja vyake.

Kwenye kila chumba cha operesheni palikuwa na meza kubwa yenye ramani. Wasichana wa jeshi la anga, simu masikioni, walisukuma vibao juu yake kwa fito ndefu. Ukutani palikuwa na saa, na uso wa saa ile ulipakwa rangi: dakika 5 nyekundu, 5 za njano, 5 za buluu, kisha nyekundu tena. Taarifa iliyoingia wakati mshale uko kwenye njano iliwekewa alama ya njano. Kwa hiyo kamanda aliyesimama juu, akitupa jicho mara moja, hakuona tu adui yuko wapi. Aliona taarifa ina umri gani. Alama ya rangi iliyokwisha kupitwa iliondolewa mezani, hata kama hakukuwa na nyingine ya kuweka mahali pake.

Nimelifikiria jambo hilo la kuondoa taarifa iliyochakaa mara nyingi kuliko jambo lingine lolote katika habari hii. Kamanda angeweza kufarijika na ramani iliyojaa. Dowding alitaka ramani ya kweli, hata ikiwa na mapengo.

Mambo madogo pia aliyadai kwa ukali uleule. Aliomba kioo kizito kisichopenya risasi kiwekwe mbele ya rubani, na wakubwa kikaoni wakacheka. Akawajibu kwamba kama majambazi wa Chicago wanapanda magari yenye kioo kama hicho, haoni sababu marubani wake wakose. Kioo kikawekwa.

## Aya kumi

Tarehe 10 Mei 1940 Wajerumani waliingia Ufaransa, Uholanzi na Ubelgiji. Siku chache tu baadaye serikali ya Ufaransa ilikuwa inaomba ndege, nyingi, haraka. Churchill, Waziri Mkuu wa siku chache, aliipenda Ufaransa na alitaka kutoa.

Hebu jiweke kwenye kiti cha Dowding. Rafiki anaanguka. Anakuita. Una anachohitaji. Bosi wako anataka umpe.

Tarehe 15 Mei alikwenda mbele ya Baraza la Vita akaeleza hoja yake ana kwa ana. Kesho yake akakaa akaiandika, barua ya aya 10 zenye namba. Hakuna maneno ya kupamba. Alikumbusha kwamba hesabu ya mwisho ya wizara yenyewe ilisema kulinda nchi kunahitaji vikosi 52, na kwamba yeye amebakiwa na 36. Akaitaka wizara imwambie kwa maandishi ni kiwango gani ambacho hakitaguswa tena. Akamaliza kwa kusema kwamba nguvu ya nyumbani ikikaushwa kwa kujaribu kuokoa hali ya kule, kushindwa Ufaransa kutakuwa ndiko kushindwa kwa mwisho, kamili, kusikoponyeka, kwa nchi hii.

Hakushinda moja kwa moja. Ndege kadhaa ziliendelea kwenda, nyingine zikirushwa asubuhi na kurudi Uingereza jioni. Mamia ya Hurricane zilipotea katika wiki zile. Lakini mfereji ulifungwa kabla kisima hakijakauka, na mwezi Juni Ufaransa ilipoweka silaha chini, Uingereza ilikuwa bado na cha kupigania.

Kuna Wafaransa waliokufa wakitazama juu, wakitafuta ndege ambazo Dowding hakuzitoa. Nimekaa na jambo hilo siku nyingi. Mama wa kijana mmoja wa Kifaransa hawezi kufarijiwa kwa kuambiwa kwamba hesabu ilikuwa sahihi. Na bado ilikuwa sahihi.

## Miaka 58, na barua mezani

Kila mtu Dar anayefanya kazi ya umma anajua uzito wa barua ya kustaafu. Mtu akishaipata, hata anavyosalimiwa kwenye ngazi za ofisi kunabadilika. Anaagiza, na wanaoagizwa wanapiga hesabu ya miezi.

Dowding aliendesha vita vile vyote katika hali hiyo. Aliambiwa ataondoka Juni 1939. Ikasogezwa hadi mwisho wa Machi 1940. Siku moja tu kabla ya tarehe hiyo kufika, akaombwa abaki hadi 14 Julai. Tarehe 5 Julai, adui akiwa amefika upande wa pili wa mkono wa bahari unaotenganisha Ufaransa na Uingereza, akaletewa barua nyingine ya kumsogeza hadi mwisho wa Oktoba. Aliandika kulalamika, na alikuwa na haki. Alikuwa na miaka 58.

Nilimsomea mjomba orodha hiyo ya tarehe. Aliikunja midomo, akaniambia maneno ambayo nayaweka hapa kama alivyoyasema: "Mkubwa mwenye barua mezani anapigana na adui wawili, na mmoja anakaa naye ofisi moja."

Mapigano yenyewe, ya ndege za Ujerumani na za Uingereza juu ya anga la Uingereza, yanayoitwa Battle of Britain, yalidumu, kwa hesabu ya Waingereza, tangu 10 Julai hadi 31 Oktoba 1940. Sitayasimulia. Marubani karibu 3,000 walishiriki, na 544 wakafa. Derek, yule mtoto aliyebaki bila mama, alikuwa mmojawapo wa walioruka, kwenye kikosi kilekile cha 74. Baba yake alikuwa Bentley Priory, juu ya ile meza, akitazama vibao. Derek alinusurika.

Tarehe 24 Novemba 1940, chini ya mwezi mmoja baada ya ushindi, Dowding alikabidhi ofisi kwa Sholto Douglas.

## Hapa ndipo niliposita

Nilikuwa nimekwisha kuandika nusu ya makala hii kama kesi ya dhuluma. Shujaa, wivu, fitina, kufukuzwa. Ni rahisi kuiandika hivyo, na wapo wengi waliokwisha kuiandika hivyo. Nikaanza kusoma upande wa pili.

Chini ya Dowding walikuwapo makamanda wawili waliochukiana. Keith Park, mzaliwa wa New Zealand, alilinda kusini-mashariki na London. Trafford Leigh-Mallory alilinda katikati ya nchi. Park alirusha vikosi vidogo vidogo mara tu adui alipoonekana, ili awahi kabla mabomu hayajaanguka. Leigh-Mallory, akisukumwa na Douglas Bader, rubani shujaa aliyepoteza miguu yote miwili mwaka 1931, alitaka kukusanya vikosi vingi viende kwa pamoja kama nguvu moja kubwa. Kukusanya kulichukua muda. Ilikuwa kama daladala inayosubiri ijae ndiyo iondoke: inaondoka na abiria kweli, ila waliokuwa wanasubiri mbele wamekwisha kuchelewa. Mara kadhaa viwanja vya Park vilipigwa wakati msaada unajipanga hewani.

Naamini Park alikuwa sahihi. Lakini ugomvi ule ulikuwa wa nani kuumaliza? Wa Dowding. Wote wawili walikuwa chini yake. Hakuwaita wakakaa meza moja, hakukata shauri. Baadaye alisema hakujua umefikia wapi. Mtu aliyejenga mtambo wa kujua kila ndege iliyo umbali wa maili 100 hakujua kinachoendelea kati ya wasaidizi wake wawili.

Tarehe 17 Oktoba kikaitishwa kikao wizarani. Bader, afisa mdogo kwa cheo, alikaribishwa kuketi na wakubwa na kutoa hoja yake. Msaidizi wake kikosini alikuwa mbunge, na alikuwa amekwisha kulifikisha jambo juu, hadi kwa Waziri Mkuu. Hilo ni fitina, sina neno lingine. Ila fitina huota mahali palipoachwa wazi.

Na kulikuwa na usiku. Tangu 7 Septemba London ilipigwa mabomu kila giza likiingia, na tarehe 14 Novemba ikateketezwa Coventry. Wakubwa walitaka Hurricane zirushwe usiku, zifanye chochote. Dowding alikataa kuamini kwamba rubani atampata adui gizani kwa macho. Alisema dawa ni rada ndogo ndani ya ndege yenyewe, na kwamba haijakomaa, tusubiri. Alikuwa sahihi tena. Majira ya kuchipua ya 1941 rada hizo zilianza kudungua. Lakini watu walikuwa wanakufa kila usiku, na kiongozi wa nchi hawezi kusimama mbele ya jiji linaloungua akasema tusubiri.

Usahihi wake ulikuwa wa aina moja tu. Ulitosha kwa Mei na kwa Agosti. Kwa Novemba, sina hakika.

## Jina halimo

Nilichoshindwa kukimeza ni namna walivyomtenda baadaye.

Machi 1941 Wizara ya Anga ilitoa kijitabu kuhusu mapigano yale. Kilinunuliwa na watu kwa mamilioni. Jina la Dowding halimo. Halimo kabisa, hata mara moja. Churchill aliona akakasirika, akafananisha na kuandika habari za vita vya baharini vya Trafalgar bila kumtaja Nelson, amiri aliyevishinda. Park naye alikuwa amekwisha kuondolewa na kupelekwa kwenye mafunzo, na nafasi yake akapewa nani? Leigh-Mallory.

Dowding alitumwa Marekani kwa shughuli za ununuzi wa ndege, kazi isiyomfaa. Julai 1942 akastaafu. Mwaka 1943 akapewa ulodi, na akachagua kujiita Baron Dowding wa Bentley Priory. Katika majina yote aliyoweza kuchukua, alichukua la ile nyumba yenye chumba.

## Wale 544

Katika uzee wake alisema anazungumza na marubani waliokufa.

Aliandika na kuhutubia kuhusu hilo waziwazi. Wengi wa rika lake walicheka, wakasema mzee amechanganyikiwa. Mimi siamini kwamba wafu huja kuongea nasi kwa njia alizozieleza yeye, dini yangu hainiruhusu. Lakini kucheka siwezi. Nimekulia kwenye nyumba ambayo bibi hakunywa uji kabla ya kutaja majina ya waliotangulia. Mtu ambaye kwa neno lake vijana walipaa asubuhi na hawakurudi mchana ana haki ya kutokubali kwamba wamekwenda moja kwa moja. Tangu Somme alikuwa akiwaombea mapumziko.

Katika barua za wajane zilizomfikia ilikuwamo ya Muriel Whiting, ambaye mumewe alipotea akiwa ndani ya ndege ya mabomu. Wakaonana, na mwaka 1951 wakaoana. Aliacha kula nyama, akasimama Bungeni kwa Malodi kutetea wanyama wanaoteswa maabara. Akafariki tarehe 15 Februari 1970, na majivu yake yakawekwa Westminster Abbey.

## Cheo

Liko cheo kimoja juu ya alichokuwa nacho, cha Marshal wa Jeshi la Anga. Watu walimwombea apewe. Ikajibiwa kwamba haiwezekani, kwa kuwa hakuwahi kuwa Mkuu wa Majeshi ya Anga, na cheo hicho ni cha waliopita pale.

Arthur Harris, aliyeongoza ndege za mabomu, hakuwahi kupita pale. Akapewa. Sholto Douglas, yuleyule aliyemrithi Dowding ofisini, hakuwahi kupita pale. Akapewa, mwaka 1946.

Mjomba na mimi tumebishana sana juu ya Novemba ile. Yeye anasema kamwe, mtu aliyeshinda haondolewi. Mimi nimefika mahali pengine, na sikufika kwa furaha. Ningekuwa waziri, nadhani ningemwondoa. Alikuwa amechoka, kazi ilikuwa imebadilika, na wasaidizi wake walikuwa wanagombana mbele ya adui. Ila ningemwita mwenyewe, nikamshukuru mbele ya marubani wake, nikamvisha kile cheo siku hiyohiyo, na kijitabu kisingekwenda kiwandani kabla jina lake halijaandikwa ukurasa wa kwanza.